Mtoto ndani ya miwani ya VR: mwongozo kamili kwa mzazi aliyejaribu ikashindikana

Kila likizo ya Juni na ya Desemba, kwenye benchi langu la ufundi hapa Majengo, Dodoma, naletewa kesi ile ile. "Fundi, niliweka nywila, lakini mtoto bado anaongea na watu nisiowajua." Mwingine amepanga saa za kucheza. Mwingine ameficha chaja juu ya kabati. Wote wamehangaika na kifaa, lakini watu wanaomwingilia mtoto humo bado wapo.

Kosa linaanzia kwenye kudhani kwamba mtoto anatazama kitu. Katuni ikiisha, imeisha. Lakini kwenye dunia pepe, iwe Roblox ya kwenye simu au VRChat na Horizon Worlds za kwenye miwani ya VR, ile inayoziba macho na kukufanya ujione uko humo ndani, upande wa pili kuna watu. Wanaongea kwa sauti zao, wanasogeleana, wanapeana zawadi, wanaitana pembeni. Kwa hiyo muulize mtoto maswali ambayo ungemuuliza akiaga kwenda Nyerere Square jioni: unaenda na nani, nani mwingine atakuwepo, utarudi saa ngapi.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Karibu kila anayerudi kwangu akilalamika ameanzia hatua ya tano.

## Vitu vya kuandaa

- Miwani na vidhibiti vyake viwili, vyote vikiwa na chaji. Kama mtoto anatumia simu au tableti tu, hiyo hiyo.
- Simu yako wewe mzazi, si ile ambayo mtoto anaijua nywila yake.
- Barua pepe mbili: yako, na ya mtoto ambayo nywila yake unaishika wewe.
- Kitambulisho chako au kadi ya benki. Roblox inahitaji kimojawapo ili kukutambua kama mzazi.
- TV janja au simu ya pili ya kurushia picha.
- Intaneti ya kutosha. Miwani ikianzishwa upya inashusha masasisho mazito, kwa hiyo usianze na bando la siku. Angalia na LUKU kabisa.
- Daftari na kalamu. Utaona kazi yake hatua ya pili na ya saba.
- Saa mbili mtoto akiwa hayupo, kisha nusu saa mkiwa pamoja.

## Hatua ya 1: Futa kila kilichomo kwenye miwani

Miwani mingi inayofika huku imepita mikononi mwa watu. Ndugu ameileta kutoka nje, au imenunuliwa kwa mtu Dar. Ndani yake kuna akaunti ya mwenyewe wa kwanza, mtu mzima mwenye marafiki zake na mambo yake. Mtoto akiivaa, mfumo unampokea kama yule mtu mzima.

Kwa Meta Quest, yaani miwani ya kampuni ya Meta, izime kwanza. Kisha bonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na kile cha kupunguza sauti, ushikilie mpaka menyu itokee ndani ya lenzi. Shuka kwa kitufe cha sauti hadi palipoandikwa Factory Reset, thibitisha kwa kitufe cha kuwashia.

Onyo: gemu zilizolipiwa na mwenye akaunti ya zamani zinaondoka naye. Ukiona muuzaji anakusihi usifute, sababu mara nyingi ndiyo hiyo, lakini futa.

Umefanikiwa ikiwa miwani inakukaribisha kama mpya na kukuuliza lugha.

Jambo moja nje ya mada, kwa sababu limeharibu miwani nyingi kuliko watoto: usiiweke dirishani wala kwenye dashibodi ya gari. Lenzi zake ni vioo vya kukuza. Jua la Dodoma likipenya humo linaacha doa kwenye skrini lisilofutika, na hakuna fundi wa kulitoa, mimi nikiwemo.

## Hatua ya 2: Fungua akaunti yenye umri wa kweli

Hapa ndipo wengi mnapoanguka. Mtoto alipofungua akaunti mwenyewe aliulizwa mwaka wa kuzaliwa, akaandika 1999 kwa sababu rafiki yake alimwambia ndivyo inavyofunguka haraka. Tangu hapo ulinzi wote uliotengenezwa kwa ajili ya watoto haumhusu. Utaweka nywila mpaka uchoke. Kwa mfumo, yule ni mtu mzima anayejiamulia.

Shika mipaka hii. Meta haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kuwa na akaunti ya miwani yake. Wa miaka 10 hadi 12 anatumia akaunti inayosimamiwa na mzazi. Wa 13 na kuendelea anakuwa na yake, na mzazi anaweza kuunganishwa kama msimamizi. VRChat ni kuanzia miaka 13. Roblox inapokea hata wadogo zaidi, lakini umri ndio unaoamua nani atawasemesha na wataona michezo ya aina gani.

Kwenye Roblox, fungua akaunti yako kwanza, jithibitishe, kisha iunganishe na ya mtoto kupitia sehemu ya Parental Controls. Utaratibu huu wa kuunganisha akaunti uliletwa Novemba 2024, kwa hiyo mwongozo wa zamani uliotumiwa kwenye grupu la wazazi haukusaidii.

Onyo la kwanza: usimkopeshe mtoto uso wako. Roblox siku hizi inapima umri kwa kamera kabla ya kumruhusu mtu kuchati. Wapo wazazi wanaojipiga wao ili mtoto aache kulia. Mtoto wa darasa la tano anaamka kesho yake akiwa na miaka 41, amewekwa kundi moja na wa umri huo.

Onyo la pili nalijua kwa kuchomwa. Mtoto wa dada yangu alikuja likizo kutoka Dar, nikamfungulia akaunti mpya yenye umri wake, miaka 11. Akalia. Kwenye ile ya zamani alikuwa na avata, yaani umbo linalomwakilisha humo, yenye mbawa aliyoihangaikia miezi, na marafiki zake wote walikuwa huko. "Anko, si unaniachia tu ya zamani niwe naangalia?" Nikamwonea huruma, sikuifuta. Siku ya tatu alikuwa ameingia nayo kwa simu ya dada wa jirani, na akaunti yangu nzuri imekaa bure.

Kwa hiyo ifunge ya zamani, lakini usilidharau lile chozi. Kwa mtoto, avata ni kama nguo yake ya sikukuu. Kaeni pamoja mwandike daftarini majina ya marafiki anaowafahamu ana kwa ana, wa shule na wa mtaani, muwatafute kwenye akaunti mpya. Asiyekumbukwa kwa sura wala kwa shule habebwi.

Umefanikiwa ikiwa simu yako inaonyesha jina la mtoto, umri wake halisi na orodha ya marafiki, na ile akaunti ya 1999 haifunguki kwenye kifaa chochote cha nyumbani.

## Hatua ya 3: Funga mazungumzo, kisha jipime kama mgeni

Madhara mabaya kabisa ya dunia hizi hayaanzi na picha mbaya. Yanaanza na mtu mpole. Anamsifia mtoto avata yake, anampa zawadi, anamwonyesha njia za mkato za mchezo. Baada ya siku kadhaa kuna kasiri kadogo kati yao. Kisha linakuja lile neno: "Nipe WhatsApp yako tuongee vizuri." Akishahamishiwa huko, ripoti, vichujio na usimamizi wako vyote vimebaki nyuma. Ukishika alama moja tu kwenye mwongozo huu, shika hiyo ya kuhamishwa.

Sauti ni ngumu kuilinda kuliko maandishi. Meseji unaweza kuirudia kesho. Neno lililosemwa sikioni ndani ya miwani limeshapita.

Fanya hivi:

1. Ruhusu mazungumzo na marafiki walioidhinishwa tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 13, zima sauti kabisa.
2. Pale mfumo unaporuhusu, weka maombi ya urafiki yapite kwako.
3. Chagua kiwango cha chini cha ukali wa michezo. Roblox yenyewe humwekea aliye chini ya miaka 9 michezo laini; mwenye 9 hadi 11 mwekee hivyo hivyo.
4. Kwa kijana wa 13 na zaidi anayeingia Horizon Worlds, hakikisha mpaka wa mwili (Personal Boundary) umewashwa. Huo unazuia avata za wengine zisimkaribie chini ya takriban mita 1.2. Humo pia kuna mpangilio unaoifanya sauti ya asiyemjua isikike kama mkorogo usioeleweka. Uwashe.

Mpaka wa mwili si mapambo. Meta iliuleta Februari 2022 baada ya wanawake kulalamika kwamba avata zao zilishikwashikwa na kuzingirwa. Januari 2024 iliripotiwa Uingereza kwamba polisi wanachunguza tukio la msichana wa chini ya miaka 16 ambaye avata yake ilivamiwa na avata za wanaume wazima. Wapo waliouliza, "si angevua tu miwani?" Anayeuliza hivyo hajawahi kuivaa. Ukikaribiwa humo mwili unashtuka kabla akili haijakumbuka kwamba uko sebuleni, mtaa wa Kisasa. Ndiyo maana ya teknolojia yenyewe, na inafanya kazi hivyo hivyo kwa mema na kwa mabaya.

Sasa kipimo, ambacho nawasihi msikiruke. Fungua akaunti nyingine ya mtu mzima kwenye simu ya pili, jina lisilojulikana. Mtafute mtoto wako. Mtumie ombi la urafiki, jaribu kumwandikia.

Umefanikiwa ikiwa meseji haiendi, na pale ulipoweza kuweka maombi yapite kwako, ombi limeingia kwenye simu yako. Meseji ikipenya, rudi hatua ya pili. Umri umekosewa mahali.

## Hatua ya 4: Pesa

Weka kikomo cha matumizi ya mwezi kuwa sifuri. Ondoa kadi yoyote iliyohifadhiwa kwenye simu, hata ile ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa ya simu. Robux, yaani pesa ya ndani ya Roblox, mnunulieni wenyewe kwa kiasi mlichokubaliana, kama mnavyompa hela ya daftari.

Sababu si ubahili. Mtoto asiye na Robux akitupiwa za bure na mgeni, anakuwa na deni la shukrani asilojua kulilipa. Na tovuti zinazoahidi Robux za bure mara nyingi zinawinda nywila yake.

Ukijaribu kununua kwa kifaa cha mtoto ikakataliwa, au ombi likaja kwako, umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 5: Sebuleni, na picha iwe kwenye TV

Nywila na saa wengi wanaziweka mwanzo. Zinafaa sasa, si kabla.

Miwani ina ubaya ambao simu haina: ukipita nyuma ya mtoto huoni kitu. Unaona mtoto anayepunga mikono hewani. Kwa hiyo mpe sharti la kwanza, kwamba miwani haiwashwi chumbani. Inawashwa sebuleni, mlango wazi, picha ikirushwa kwenye TV au kwenye simu yako kwa kitufe cha Cast, vifaa vyote vikiwa Wi-Fi moja. Sauti isikike sebuleni, asivae spika za masikioni. Mama akiwa jikoni anasonga ugali anasikia kila neno, na hilo linalinda kuliko programu yoyote niliyowahi kumfungia mtu.

Muda: maelekezo ya usalama ya watengenezaji yanashauri kupumzika dakika 10 hadi 15 kila baada ya nusu saa. Mimi naongeza langu. Wawe wawili. Mwite mtoto wa jirani, mmoja avae, mwingine atazame TV na kumwelekeza, wabadilishane. Malalamiko mengine ninayoyasikia ni ya mtoto kujitenga: akivua miwani hana hamu ya mtu, mgeni anapita hata shikamoo hapati, chakula anakula akiwa mbali. Wakiwa wawili kuna kelele, kuna kugombea zamu, kuna kucheka. Kugombea zamu ni usumbufu, najua, lakini ni usumbufu wa watoto waliopo.

Onyo: ukimnyang'anya ghafla katikati ya mchezo atavurugwa, kwa sababu humo ameacha wenzake. Mwite kwa jina dakika tano kabla, na mguse begani taratibu; asiyeona anaweza kukupiga kidhibiti usoni bila kukusudia.

Umefanikiwa siku atakapowasha TV mwenyewe kabla ya kuvaa.

## Hatua ya 6: Mazoezi ya kutoka

Mtoto wa Hombolo au wa Bahi anafundishwa mapema afanye nini akikutana na nyoka njiani. Haambiwi tu "nyoka ni mbaya". Hapa pia.

Menyu nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo mfundishe maneno matatu na mahali yalipo: Mute ya kunyamazisha, Block ya kuzuia, Report ya kuripoti. Kisha igiza. Wewe mgeni, yeye mtoto. Mwambie, "Una miaka mingapi? Nyumbani yupo nani?" Asikujibu. Azuie, atoke, avue miwani, aje akuambie.

Wengi, hata wakubwa, wakishikwa na hofu wanasahau kwamba kuvua kunawezekana. Ndiyo maana inafanyiwa mazoezi, mara tano, mara kumi, mpaka afanye bila kufikiri.

Kisha mpe ahadi, na uitimize: akikuambia jambo baya lililomtokea humo, miwani hainyang'anywi siku hiyo. Watoto wananyamaza kwa sababu wanajua kusema kutawagharimu kifaa. Anayemrubuni anajua hilo pia, na ndiyo kauli yake: "Ukisema watakunyang'anya."

## Hatua ya 7: Likitokea jambo

Usianze kwa kufoka, na usifute chochote. Hasira ya mzazi ndiyo inayopoteza ushahidi mwingi.

Andika kwenye daftari: tarehe, saa, jina la akaunti ya mhusika kama lilivyoandikwa hadi tarakimu na alama, jina la mchezo, na alichosema kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Piga picha ya skrini ya wasifu na meseji. Ripoti ndani ya mchezo, kisha zuia.

Onyo zito: kama kuna picha ya mtoto ya utupu, usiitume kwa mtu yeyote, hata kwa shangazi, hata kwa nia ya kuomba ushauri. Picha za ngono za watoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayezisambaza anajiingiza mwenyewe. Kipeleke kifaa kilivyo.

Pa kwenda ni Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Akitishiwa kwamba picha zake zitasambazwa asipotuma pesa, msitume. Anayelipwa mara moja anarudi.

Usikubali kuambiwa "si gemu tu hilo". Aliyemtisha mtoto ni mtu, ana akaunti, na daftari lako lina jina lake.

## Mabanda ya gemu

Nyumba nyingi hazina miwani, ila mtaani ipo: unalipa, unavalishwa, dakika zako zikiisha unampisha mwingine. Hapo hatua zote nilizotaja hazipo, maana akaunti ni ya mwenye banda.

Nenda mwenyewe, msalimie, na uulize mambo matatu. Je, picha inaonekana kwenye TV ya banda? Watoto wanachezeshwa gemu zisizo na watu wa mtandaoni, kama za kukata maboksi kwa muziki au za kuendesha magari? Intaneti inaweza kuzimwa wakiwa watoto? Mwenye banda makini atakubali, kwa kuwa bando linabaki kwake. Akijibu kwamba hajui kuzima, mtoto asivae hapo.

## Kuhusu mwili wa mtoto kama taarifa

Hili wazazi hawaniulizi, nami nalitaja kwa ufupi. Miwani inarekodi namna kichwa na mikono inavyotembea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba kwa chini ya dakika tano za mwendo huo, mfumo uliweza kumtambua mtu mmoja kati ya 511 kwa usahihi wa asilimia 95. Jina bandia halimfichi mtoto.

Unachoweza kufanya: kwenye mipangilio ya faragha kataa kushiriki taarifa za ziada, zima ufuatiliaji wa macho na uso kwa miwani yenye uwezo huo, na usifungue programu zisizojulikana zimetengenezwa na nani.

## Kurudia

Masasisho hubadilisha mipangilio bila kubisha hodi, na mtoto aliyekuwa na miaka 12 anafikisha 13, milango mingine inafunguka yenyewe. Siku ya kwanza ya kila likizo, kabla hujamkabidhi miwani, chukua ile simu ya pili na akaunti ya mgeni, ujaribu tena kumwandikia.

Yule mpwa wangu mwaka huu ameniwahi. Aliniandikia kwamba kuna mtu mwenye jina la ajabu anajaribu kumtumia ombi, na kwamba ameshamzuia. Nilikuwa mimi.